Kuchagua mche wa muhogo ungali mchanga: nini huonekana mapema, nini hujificha

Muhogo tunaoupanda kwa kijiti haubadiliki. Ukikata pingili kwenye mti wa aina iitwayo Kiroba, kitakachoota ni Kiroba, na miaka ishirini baadaye vijiti vilivyotokana na huo bado vitakuwa Kiroba. Lakini mti uleule ukichanua, ukachavushwa, na tunda lake lenye vyumba vitatu likakauka na kupasuka, punje zitakazoruka humo ni jambo jingine kabisa. Kila punje ni mchanganyiko mpya wa baba na mama. Na kwa kuwa wazazi wenyewe ni machotara wa vizazi vingi, punje tatu za tunda moja huweza kutoa miti mitatu isiyofanana: mmoja mrefu usio na matawi, wa pili wenye mizizi ya njano, wa tatu usiozaa chochote cha maana.

Aina zote mpya za muhogo huanzia kwenye punje hizo. Mtafiti huchavusha, hufunika tunda kwa kifuko ili punje zisimruke, husubiri miezi miwili mitatu, kisha husia maelfu kitaluni. Humo ndani ya maelfu anatafuta mche mmoja, pengine miwili, itakayozidishwa kwa vijiti hadi iwe aina yenye jina. Watu wengi hudhani ugumu wa kazi hii uko kwenye kuchavusha. Kuchavusha hufundishika kwa siku moja. Ugumu uko kwenye kutupa: ni miche ipi iondolewe, na iondolewe lini.

Kwanza tuone kwa nini haiwezekani kujaribu yote. Chukua punje 10,000. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, hekta moja hubeba mimea 10,000, kwa hiyo mwaka wa kwanza zinaenea kwenye hekta moja. Sasa tuseme mtafiti anataka kuijua kila moja kwa uhakika: mimea 25 kwenye kila ploti, marudio matatu (yaani ploti tatu za aina hiyohiyo kila eneo), maeneo manne. Hiyo ni mimea 300 kwa kila punje, yaani mimea milioni tatu, hekta 300 za jaribio moja. Hata mashamba hayo yangepatikana, vijiti havingetosha. Mti mmoja wa muhogo ukifikisha mwaka hutoa vijiti kumi hivi vinavyofaa kupandwa. Mwaka wa pili una mimea kumi, wa tatu mia, wa nne elfu. Muhogo hauzidishwi kama mahindi, ambapo gunzi moja linapanda ploti nzima.

Kwa hiyo kuna ngazi. Mwaka wa kwanza kila mche uko peke yake. Iliyobaki hukatwa vijiti na mwaka wa pili kila mmoja hupata mstari wake, mimea mitano hadi minane bila marudio, huku aina zinazojulikana zikipandwa katikati kama kipimo. Mwaka wa tatu huja ploti ndogo zenye marudio, kisha ploti kubwa, kisha maeneo mengi, kisha mashamba ya wakulima. Kutoka punje hadi jina huenda miaka minane hadi kumi.

Tazama idadi inavyoshuka katika ngazi hiyo na utaona tatizo. Miche mingi kupita kiasi huondolewa katika miaka miwili ya mwanzo, wakati ushahidi ni mchache kuliko wakati wowote. Ngazi za juu, ambako vipimo ni vizuri na takwimu zinatosha, hubaki kloni, yaani uzao wa vijiti wa mche mmoja, kumi au ishirini za kulinganishwa. Na kosa la chini halirekebishiki. Kloni dhaifu iliyopita kwa bahati itanaswa msimu ujao. Mche bora uliong'olewa na kutupwa kwenye lundo haupatikani tena, maana hata wazazi walewale wakichavushwa upya hawatatoa punje ileile. Mimi naona hili ndilo jambo zito kuliko yote katika uboreshaji wa mazao ya mizizi, na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi kila aina mpya inapozinduliwa kwa hotuba.

Kwa nini mche mmoja hudanganya

Simama mbele ya mche wa miezi kumi uliozaa kilo sita za mizizi, na pembeni yake mwingine uliozaa kilo mbili. Kipi kimeleta tofauti? Huenda ni urithi. Huenda ni kwamba wa kwanza uliota juu ya kichuguu cha zamani ambako udongo una rutuba. Huenda punje yake ilikuwa kubwa, ikaota mapema, ikawahi mwanga, ikamfunika jirani. Huenda jirani yake wa kushoto alikufa na kumwachia nafasi ya mita mbili. Zaidi ya hayo, mche wa punje una mzizi mkuu unaoshuka chini, jambo ambalo mmea wa kijiti hauna, na huo mzizi mkuu hubadilisha namna mizizi ya chakula inavyojaa. Ndiyo maana uzito wa mizizi ya mche wa punje hauelezi vizuri uzito ambao kloni yake itatoa ikipandwa kwa vijiti.

Wataalamu hulipima jambo hili kwa swali moja: katika tofauti ninazoziona kati ya miche hii, sehemu gani inatoka kwenye urithi na sehemu gani inatoka mahali mche ulipo? Sifa ambayo sehemu kubwa yake ni urithi huonekana kwenye mche mmoja na kuaminika. Sifa ambayo sehemu kubwa yake ni mahali huhitaji marudio mengi kabla haijatoa picha ya kweli. Rangi ya nyama ya mzizi ni ya kundi la kwanza: mzizi wa njano ni wa njano juu ya kichuguu na nje ya kichuguu. Namna mti unavyotawi ni hivyohivyo. Uzito wa mavuno ni wa kundi la pili, na ndio kila mtu anautaka kwanza.

Kuchagua mapema, basi, si kubahatisha aina gani itakuwa bora. Ni kuuliza kila umri wa mmea swali ambalo umri huo unaweza kulijibu, na kuyaacha mengine yasubiri.

Batobato: jibu la wiki chache

Mfano bora wa swali linalojibika mapema ni batobato. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, kutokana na mihogo ya Usambara. Miaka arobaini baadaye, katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima hiyohiyo, H. H. Storey na baadaye R. F. W. Nichols walianza kutafuta muhogo usioshindwa na batobato. Mihogo ya kawaida haikuwapa kinga ya kutosha, wakageukia mti wa mpira wa Ceara, ndugu wa muhogo ambao Wajerumani walikuwa wameupanda kwa ajili ya utomvu. Mizizi ya mti huo hailiki. Wakachavusha chotara wake na muhogo, kisha tena na muhogo, na tena, wakifukuza sifa za mpira huku wakijitahidi kinga isipotee njiani.

Kazi kama hiyo isingewezekana kama batobato ingekuwa ugonjwa wa kujificha. Bahati ni kwamba unaonekana jani likiwa changa: mabaka ya njano, kujikunja, kudumaa. Huhitaji kung'oa chochote. Unapita kwenye mistari na kuangalia.

Lakini hapa napo pana mtego. Virusi vya batobato havipiti kwenye punje, kwa hiyo kila mche huanza maisha ukiwa mzima. Ukiwa bado mzima baada ya miezi minne kuna maelezo mawili: una kinga, au inzi weupe wabebao virusi hawajaufikia. Kwa macho, mche wenye kinga na mche uliookoka kwa bahati havitofautiani hata kidogo. Ukichagua mahali ambako ugonjwa ni haba utajaza ngazi zako miche iliyookoka tu, na miaka mitatu baadaye yote itaugua. Dawa yake ni kupanda makusudi mahali penye ugonjwa mkali, na kuweka mistari ya mihogo inayougua katikati ya miche ili inzi wasikose virusi vya kubeba. Kwa mtu asiyejua, shamba la namna hiyo linaonekana kama limetelekezwa. Ni miongoni mwa mashamba yanayotunzwa kwa uangalifu mkubwa kabisa.

Damu ya Amani ilisafiri mbali. Ilifika Nigeria, ikatoa kloni 58308, ambayo IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, iliitumia kama mzazi kuanzia miaka ya 1970. Katika uzao huo ikapatikana TMS 30572, iliyokuja kupandwa Uganda kwa jina la Migyera wakati batobato kali ilipofyeka mashamba ya huko miaka ya 1990.

Baadaye kulipatikana chanzo kingine cha kinga katika mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi. Mwaka 2002 watafiti walichapisha kwamba katika muhogo wa Nigeria uitwao TME 3 kinga hiyo inatawaliwa na jeni moja yenye nguvu, waliyoiita CMD2. Jeni moja hurahisisha mambo sana. Mzazi akiwa na nakala moja ya jeni hiyo, nusu ya miche itaipata, na kipande kidogo cha jani la mche wa wiki chache kikipimwa maabara hutaja ni nusu ipi. Hapo huhitaji tena kusubiri inzi.

Michirizi ya kahawia: ugonjwa unaokataa kuulizwa mapema

Kama batobato ni mfano wa raha, michirizi ya kahawia ni mfano wa taabu. Huu nao Storey aliueleza mwaka 1936 kutokana na mihogo ya chini ya milima ya Usambara. Kwa miongo mingi ulidhaniwa ni ugonjwa wa pwani na nyanda za chini tu, hadi ulipojitokeza kwa nguvu Uganda mwaka 2004 na kuenea Kanda ya Ziwa. Unaharibu kile hasa mkulima anachokitafuta. Mti unasimama vizuri, una majani, unang'oa mzizi mnene kama mkono, unaukata: ndani kuna mabaka ya kahawia, makavu kama gome, yameingia hadi katikati. Hata mbuzi huacha.

Uozo huo huja kwa kuchelewa, mara nyingi karibu na miezi tisa hadi kumi na miwili. Mche wa miezi sita unaweza kuwa safi ndani na bado usiwe na kinga. Mtafiti hana budi kungoja mwaka, kung'oa, kukata kila mzizi vipande kama vya kukaanga chipsi za duara, na kuupa kila mmoja alama kuanzia 1 kwa mzizi safi hadi 5 kwa ulioharibika kabisa. Kwa mistari elfu moja hiyo ni kazi ya visu vingi.

Je, majani hayawezi kusema mapema? Hapa ndipo muhogo wa kusini mwa Tanzania uitwao Nachinyaya unapofundisha. Nachinyaya huonyesha dalili kwenye majani, lakini mizizi yake huchelewa kuoza, na mkulima huvuna akala. Mtafiti anayetupa kila mche wenye jani la michirizi angemtupa Nachinyaya siku ya kwanza. Na kuna mihogo yenye majani ya kuridhisha ambayo mizizi yake inaoza. Jani na mzizi haviendi pamoja kwa kiasi cha kumruhusu mtu aamue kwa kimoja.

Kinyume chake ni Namikonga. Hiyo ni kloni ya Amani yenye namba 46106/27, iliyotokana na ule uchavushaji wa mara kwa mara na mpira wa Ceara. Vituo vilibadilika, Amani ikapoteza kazi yake ya muhogo, lakini wakulima walimshika muhogo huo. Kusini mwa Tanzania ukaitwa Namikonga, pwani ya Kenya ukaitwa Kaleso, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa aina mbili hadi vipimo vya vinasaba vilipoonyesha ni kloni moja. Leo Namikonga ni miongoni mwa wazazi wanaotegemewa zaidi kwa kinga ya michirizi ya kahawia. Wapwani waliendelea kuukata na kuupanda kwa sababu mizizi yake haikuwaozea. Hilo lilikuwa jaribio la nusu karne, na hakuna mradi ambao ungelilipia.

Kupima mavuno bila kupima mavuno

Turudi kwenye uzito, sifa ile inayodanganya. Kazuo Kawano, Mjapani aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya CIAT nchini Kolombia na baadaye Thailand, alikabiliana nao kwa njia ambayo binafsi naistahi sana.

Chukua mistari miwili jirani ya mwaka wa pili. Mmea wa mstari wa kwanza una kilo 4 za mizizi na kilo 8 za miti na majani. Wa mstari wa pili una kilo 3.5 za mizizi na kilo 3 za miti na majani. Kwa mizani ya mizizi, wa kwanza umeshinda. Lakini umeshinda vipi? Umefanya kichaka na kumnyima jirani mwanga. Mkulima hatapanda mstari mmoja, atapanda ekari nzima ya aina hiyohiyo, ambako kila kichaka kitapigana na kichaka mwenzake na faida yote itapotea. Sasa gawa mizizi kwa uzito wa mmea mzima: wa kwanza 0.33, wa pili 0.54. Wa pili unapeleka zaidi ya nusu ya kazi yake chini ya ardhi, na tabia hiyo haitegemei sana jirani ni nani. Kawano alionyesha kwamba uwiano huu ukipimwa kwenye ngazi za chini hubashiri mavuno ya ploti kubwa kuliko uzito wa mizizi yenyewe. Programu hizo za Thailand zikatoa aina kama Kasetsart 50, iliyoidhinishwa mwaka 1992 na kuvuka hadi Vietnam kwa jina la KM94, ikapandwa eneo kubwa mno.

Kiasi cha wanga nacho huulizika mapema, kwa kifaa rahisi cha kushangaza. Pima kilo chache za mizizi hewani, kisha zipime zikiwa zimezama majini. Mzizi uliojaa ukavu ni mzito zaidi majini kuliko ule uliojaa maji. Ndoo, kapu na mizani vinatosha.

Sianidi, sumu ya asili ya muhogo, ni ngumu zaidi. Karatasi iliyotiwa kemikali ya pikrati ikifungiwa kwenye kichupa pamoja na kipande cha mzizi hugeuka kutoka njano kwenda kahawia kadiri sumu inavyozidi, na kipimo hicho ni cha bei nafuu. Lakini mzizi uleule hupanda sumu wakati wa ukame, na kupima jani hakutoshi kusema habari za mzizi. Mche uliopimwa mwaka wa mvua nzuri unaweza kuonekana mtamu bure. Si jambo la kupuuza: mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, muhogo mchungu ulioandaliwa haraka haraka ulihusishwa na konzo, kupooza kwa miguu kusikopona.

Maeneo badala ya miaka, na vinasaba badala ya macho

Wenzetu wa viazi vitamu walipata ujanja unaostahili kuigwa. Zamani walikuwa wakipanda kloni mpya mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka. Kisha CIP, kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi, kikashauri kwamba kloni zipandwe sehemu kadhaa kwa wakati mmoja tangu hatua ya mwanzo kabisa, hata kama kila sehemu ina ploti ndogo isiyo na marudio. Maeneo manne tofauti katika mwaka mmoja yanafundisha mambo mengi yanayofundishwa na miaka minne mahali pamoja. Ratiba ikashuka kutoka miaka saba au minane hadi minne au mitano. Msumbiji waliitumia, na mwaka 2011 wakatoa aina 15 za viazi lishe kwa mpigo. Maria Andrade aliyeongoza kazi hiyo, pamoja na Robert Mwanga wa Uganda, walikuwa kati ya wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Kwa muhogo ujanja huu hubanwa na uhaba wa vijiti, maana kiazi kitamu huzidishwa kwa marando haraka mno.

Njia mpya zaidi kwa muhogo ni kusoma vinasaba vya mche mzima, si jeni moja. Mradi wa NextGen Cassava, ulioanza mwaka 2012 chini ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na Uganda na Nigeria, na baadaye Tanzania, ulijengwa juu ya wazo hilo. Kwanza unachukua mamia ya kloni ambazo zimekwisha kupimwa shambani miaka kadhaa, unasoma maelfu ya alama kwenye vinasaba vyake, na kompyuta inajifunza alama zipi huandamana na mzizi mzuri. Halafu mche mchanga unapimwa jani lake tu na kupewa makadirio kabla haujawa na mzizi wowote. Iliyo bora huchavushwa mapema badala ya kungoja majaribio yote.

Faida yake kubwa ni muda. Mipaka yake ni miwili na yote inahusu shamba. Makadirio huwa mazuri kwa sifa zinazorithika kwa nguvu, kama batobato na wanga, na dhaifu zaidi kwa uzito wa mavuno: kompyuta haikukwepa lile tatizo la kichuguu, imelirithi, maana data iliyojifunzia ilitoka kwenye ploti hizohizo. Pili, inajua koo ilizofundishwa. Kila kizazi kinachopita, miche husogea mbali na wazee wale waliopimwa, na makadirio hupungua makali hadi shamba lipimwe upya. Anayedhani maabara itapunguza kazi ya kung'oa na kukata mizizi bado hajaielewa njia hii.

Na lipo swali ambalo ngazi nyingi huliacha mwisho: unaiva? Kloni iliyopita miaka sita ya vipimo inafika kwa mama anayepika, inakaa motoni hadi kuni zinaisha, na bado ni ngumu kama ubao. Hapo jina halitapatikana hata mavuno yakiwa mazuri namna gani. Kuchemsha vipande vitano vya kila kloni mwaka wa pili au wa tatu, na kuwaita wapikaji wenyewe waonje, hakuhitaji mashine. Kwa mihogo ya kuliwa mibichi na ya kuchemshwa, swali hili lingepaswa kushuka ngazi mbili chini ya lilipo sasa.

Mkulima naye hukutana na miche ya punje bila kuitafuta. Baada ya kufyeka, muhogo huota wenyewe mahali ambapo hakuna aliyechomeka kijiti. Wengi huung'oa kama gugu, wengine huuacha waone. Anayetaka kuujaribu kwa haki asiuhukumu kwa mizizi ya mwaka ule wa kwanza. Asubiri mti ukomae, aangalie majani yake kwa batobato msimu mzima, kisha avikate vijiti vyote na kuvigawa pande mbili za shamba zenye udongo tofauti, kando ya aina aliyoizoea. Ang'oe baadhi miezi tisa na baadhi mwaka ukitimia, akate kila mzizi hadi katikati, achemshe. Asile mibichi wala asiwape watoto kabla hajajua uchungu wake, na mti wenye mabaka asiusambaze kwa jirani. Ukivuka yote hayo, amwite afisa ugani auone ukiwa bado shambani, vijiti vikiwa havijakatwa.